Mushahara wa kutosha kuishi: kutoka London mpaka bandari ya Pweto

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano mukuu wa wanachama, hapa Pweto. Komite iliomba yaandikwe kwenye gazeti letu dogo, ili wanachama ambao hawakufika na wale wanaotutumia musaada kutoka mbali wayasome.)



Komite iliniomba niseme juu ya mushahara. Nilipowaambia nitaanza na Uingereza, mama mumoja wa komite alicheka, akaniuliza: « Sasa sisi watu wa Pweto tuko na kazi gani na Uingereza? » Ni ulizo la haki. Nitalijibu pole pole, na mwisho nitaleta mapendekezo matatu. Sitaki tupige makofi tu na kurudi nyumbani. Nataka tuyakubali ao tuyakatae.

Tuanze na hapa kwetu. Sisi wote tunajua tulitoka wapi. Wengine walivuka kwenda Zambia wakati muji ulianguka, Disemba 2000, wakakaa myaka katika kambi ya Kala ao ya Mwange. Wengine walikimbia mwaka 2017, wakapelekwa Mantapala, kule Nchelenge, na wakaanza kurudishwa na HCR mwisho wa 2021. Wengine walirudi kwa miguu yao, bila kuandikwa na mutu. Tulipofika, shamba la mutu lilikuwa limeota majani, ao lilikuwa na mutu mwingine ndani yake. Kwa hiyo wengi wetu tunaishi kwa mikono: kubeba mifuko bandarini, kuchoma matofali, kuchimba misingi ya nyumba, kufua nguo, kulinda depo usiku, kuanika samaki wa watu.

Na kila siku asubuhi ni mambo yale yale. Watu wanasimama, kapita anapita, anaonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe. Bei ya siku anaijua yeye. Ukiuliza, jibu liko tayari: « Ukikataa, kumi wako nyuma yako. » Jioni anatoa feza, anakata kidogo juu ya « kukupatia kazi ». Hakuna karatasi, hakuna jina. Mufuko ukikuvunja mugongo, ni ugonjwa wako na jamaa yako.

Sasa sikieni. Mwaka 1889, kwenye bandari za London, watu walisimama mbele ya mulango wa bandari kila asubuhi vile vile. Makapita walichagua. Mutu aliweza kuitwa kwa saa moja ao mbili tu, kisha akafukuzwa bila hata feza ya kununua mukate wa siku. Walilipwa peni 5 kwa saa. Na waliambiwa maneno ile ile: kuna wengine wengi inje. Uingereza ilikuwa wakati ule inchi tajiri sana, na meli zake zilifika dunia yote. Utajiri ule haukushuka wenyewe mpaka kwa mubeba mizigo.

Katika Agosti ya mwaka ule wakagoma. Waliomba mambo madogo, na kila mutu aliweza kuyashika kichwani: peni 6 kwa saa, na mutu akiitwa, asiitwe kwa chini ya saa 4. Walipita katika barabara za muji kila siku, maelfu na maelfu, kwa utulivu, ili watu wa London wawaone. Mugomo ulidumu karibu wiki tano. Katikati njaa iliingia. Watoto wa wagomaji walikosa chakula, na matajiri walikaa wakingojea njaa imalize kazi.

Njaa ile haikumaliza kazi, juu musaada ulifika. Wafanyakazi wa Australia, mbali kabisa, ngambo ya bahari, watu ambao hawakuwahi kuonana na wale wa London, walikusanya feza wakatuma: zaidi ya paundi 30,000. Kwa wakati ule zilikuwa feza nyingi sana. Zilinunua chakula, na wagomaji wakaweza kusimama siku zingine. Katika Septemba, wenye bandari walikubali zile peni 6.

Ninaomba wale wanaotutumia musaada wasome fasi hiyo mara mbili. Watu wa Australia hawakutuma nguo za zamani, na hawakutuma mutu wa kuwafundisha wa London namna ya kuvumilia. Walitia nguvu watu ambao walikwisha kuamua wenyewe wanaomba nini. Musaada wa namna hiyo unatupendeza.

Turuke myaka mia moja na zaidi. Uingereza ilikuwa imeweka sheria ya mushahara wa chini mwaka 1998, na ikaanza kutumika Aprili 1999: paundi 3.60 kwa saa. Vizuri. Lakini katika muji wa London, wenye nyumba za bei kali, mutu aliyelipwa bei hiyo alifanya kazi mbili ao tatu na bado akashindwa. Alitoka nyumbani watoto wakilala, akarudi watoto wakilala.

Mwaka 2001, umoja mumoja wa mashariki ya London, TELCO, ulianza kuuliza ulizo lingine. Haikuwa sendika peke yake. Yalikuwamo makanisa, misikiti, masomo na sendika pamoja. Walisema: sheria inatuambia patroni asishuke chini ya wapi. Lakini mutu anahitaji feza ngapi ili aishi? Wakahesabu: nyumba, chakula, gari la kwenda kazini, mambo ya watoto. Hesabu ile ikatoa bei, na bei ile wakaiita mushahara wa kuishi.

Wafanyakazi walioanza nao walikuwa wafanya usafi wa usiku, wanaosafisha mabiro ya mabanki makubwa pale Canary Wharf. Wengi wao walikuwa wageni kutoka Afrika, Amerika ya Kusini na kwingine. Banki haikuwaandika yenyewe. Ilitoa kazi kwa kampuni ya usafi, na kampuni ya usafi ndiyo iliwalipa. Ukilalamika kwa banki, inasema: nenda kwa kampuni. Ukienda kwa kampuni, inasema: banki inatupatia kidogo. Mutu anazungushwa sawa vile mupira. Wale mulioko hapa na watoto wanaofanya kazi Kolwezi munajua muchezo huo.

Basi mwaka 2003, mufanya usafi mumoja, Abdul Durrant, aliingia katika mukutano wa mwaka wa wenye hisa wa banki ya HSBC. Alisimama mbele ya mukubwa wa banki, Sir John Bond, ambaye biro yake aliisafisha kila usiku. Alimwambia kwa heshima kwamba wote wawili wanafanya kazi katika jengo moja, lakini maisha yao ni dunia mbili. Hakutukana, hakuvunja kitu. Alieleza analipwa ngapi na ana watoto wangapi. Waandishi wa habari walikuwa pale. Mwaka uliofuata, 2004, banki ile ilikubali kusongesha mbele hali ya wafanya usafi wake. Mwaka 2005 serikali ya muji wa London ikaanza kutangaza bei ya mushahara wa kuishi: paundi 6.70 kwa saa. Mwisho wa 2025 bei hiyo ilifika paundi 14.80 kwa London, na wakati ule sheria ilisema 12.21. Bei ya London hailazimishwi na sheria, lakini maelfu ya wenye kazi wamekubali kuilipa, juu watu waliwaomba mbele ya macho ya wote.

Lakini nisiwadanganye kwamba ilikuwa njia laini. Kuna chuo kikuu London kinaitwa SOAS. Ni chuo kinachofundisha luga yetu hii ya Kiswahili. Wafanya usafi wake walijiunga na sendika, wakaomba mushahara wa kuishi, wakaupata. Kisha, tarehe 12 Juni 2009, waliitwa asubuhi na mapema kwenye mukutano wa kazi. Kumbe polisi wa wahamiaji walikuwa wamejificha. Tisa walikamatwa, na wengi wao wakarudishwa kwao. Sisi tuliowahi kuwa wakimbizi tunajua maana ya kuitwa kwenye mukutano na kukuta mutu wa karatasi anakungojea. Ingewezekana wenzao waogope na kunyamaza. Waliendelea, wanafunzi na walimu wakasimama nao, na mwaka 2018 chuo kikawaandika wafanya usafi kama watumishi wake chenyewe. Kuanzia ule mwaka wa kukamatwa, ilikuwa myaka tisa.

Sasa kuna wazee watasema: haya ni mambo ya Wazungu, huku kwetu mutu anashukuru tu kwa kupata kazi. Baba zangu, samahani sana, lakini hapana. Historia yetu sisi Wakatanga inasema ingine.

Mwaka 1941, wakati wa vita, shaba ya Katanga ilikwenda Uingereza kwa wingi juu ya kutengeneza silaha. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mama yangu wa komite: tuko na kazi na Uingereza tangu zamani. Union Minière iliongeza kazi, bei sokoni zikapanda, mushahara wa mutu mweusi ukabaki chini. Wazungu wafanyakazi walikwisha kuanza kudai kwa upande wao. Katika Disemba, wafanyakazi weusi wa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, waliacha kazi. Tarehe 9 Disemba 1941 watu walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mupira wa Elisabethville. Mutu aliyesema kwa jina lao alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Alipigwa risasi palepale, na askari wakapiga watu. Makumi ya watu walikufa. Ni mwaka 1946 tu ndipo ukoloni uliwaruhusu weusi kuwa na sendika, tena chini ya ulinzi mukali.

Sitaji mambo hayo ili mutu atoke hapa na hasira. Katika eneo letu damu imekwisha kutosha, na kila mutu hapa anayo kaburi lake. Ninataka tu tujue kwamba mutu wa Katanga aliomba mushahara wa haki wakati kuuomba kulikuwa kufa. Leo sheria iko upande wetu. Tunashindwaje kuisoma?

Na Kolwezi je? Mwaka 2021 shirika la Uingereza RAID pamoja na wanasheria wa CAJJ wa Kolwezi walitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi hawakuandikwa na mugodi wenyewe, lakini na kampuni za katikati. Wale wa katikati wanalipwa kidogo, wengi hawana kontra ya kweli, na wakiugua ao wakisema neno wanafukuzwa. Kobalti ile inaingia ndani ya simu na magari ya umeme ya ngambo. Ni muchezo ule ule wa banki na kampuni ya usafi, lakini hapa ni chini ya udongo.

Haya, sheria yetu inasema nini? Nitataja mambo manne. Muyaandike ao muyashike kichwani.

La kwanza, mushahara wa chini, ule wanaouita SMIG. Tangu 2018 ulikuwa 7,075 FC kwa siku kwa mufanyakazi wa kawaida. Mwaka 2025 serikali iliupandisha mpaka 14,500 FC, na hatua ya pili ni 21,500 FC kuanzia Januari 2026. Ni kwa siku, na ni kwa kila mutu, hata yule asiyesoma.

La pili, saa. Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa zaidi.

La tatu, na wengi hawalijui kabisa: mutu wa kazi ya siku kwa siku, akikwisha kufanya siku 22 kwa patroni mumoja ndani ya miezi 2, na patroni akimuchukua tena kabla miezi ile miwili kuisha, sheria inamuhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Ndiyo sababu makapita wengine wanabadilisha watu kila wiki ya tatu. Mulifikiri ni bahati mbaya?

La ine, mufanyakazi anapaswa kuandikishwa CNSS, ili ajali ya kazi na uzee visibaki mugongoni mwa jamaa yake peke yake.

Najua vile munawaza: sheria iko Kinshasa, kapita iko hapa. Ni kweli. Inspekta wa kazi hapiti kila siku bandarini. Kwa sababu hiyo sianzi na inspekta, wala sianzi na wenye maboti. Ninaanza na sisi wenyewe. Chama chetu nacho ni patroni. Kinakodi watu wa kushusha mbegu, wa kujenga, wa kulinda depo. Hatuwezi kwenda kwa mwenye boti kumuuliza anawalipa watu namna gani, kama yeye anaweza kutuuliza vile vile na tukakosa jibu.

Kuna jambo lingine ambalo linaniuma, na ninaomba wafazili wetu walisikie kwa upole. Ni salongo. Salongo ni kitu kizuri. Kijiji kinatengeneza barabara yake, kila mutu na jembe lake, mukubwa na mudogo, na jioni tunakula pamoja. Lakini nimeona katika eneo hili muradi mumoja, jina nitaliacha, ambapo mwashi alilipwa, dereva alilipwa, kapita alilipwa, mulinzi wa simenti alilipwa, na wamama wakabeba muchanga kwenye beseni kutoka ukingo wa Luvua wiki tatu bure. Kwenye karatasi iliandikwa: « muchango wa wakaaji ». Nilimuuliza mama mumoja kama yeye alichanga. Akaniambia: « Mwanangu, mimi sikuchanga. Nilipangiwa. » Kama wote wanatoa kazi bure, ni salongo. Kama wengine wanalipwa na wamama peke yao wanatoa bure, tutafute jina lingine.

Kwa hiyo ninaleta mapendekezo matatu.

Moja: kuanzia leo, mutu yeyote atakayefanya kazi ya chama chetu, hata siku moja, asilipwe chini ya SMIG. Alipwe mbele ya watu wawili wa komite, aandikwe kwenye daftari jina lake, siku, saa na feza, naye atie alama ya kidole ao sahihi. Kapita asikate hata franka moja. Kazi ya kapita ilipwe na chama, isilipwe na mugongo wa mwenzake.

Mbili: kabla ya kila muradi tuseme wazi kazi gani ni salongo na kazi gani ni ya mushahara. Salongo isipite siku mbili katika wiki, na wakubwa wa komite nao washike jembe. Wafazili wetu, tunawaomba hivi: mukituomba « muchango wa wakaaji », mutukubalie tutoe ardhi, ulinzi, mashauri na matengenezo ya kesho. Musihesabu muchanga wa wamama kuwa feza. Na mukiona katika budje yetu mushahara wa vibarua umepanda, musituulize kwanza namna ya kuushusha.

Tatu: tufanye hesabu yetu wenyewe kama wale wa London. Wamama kumi wa chama wapite sokoni mara moja kila miezi mitatu, waandike bei ya meka ya unga, ya samaki, mafuta, makala, sabuni, dawa ya malaria, feza ya masomo ya mutoto mumoja. Tujue jamaa ya watu sita hapa Pweto inahitaji feza ngapi kwa siku. Labda hesabu itapita SMIG, labda itabaki chini. Tukiijua, siku tutakapokaa na wenye maboti na wenye depo, tutakuwa na karatasi mukononi pamoja na malalamiko yetu.

Mutu mumoja wa komite aliniambia jana: « Tukilipa zaidi, tutakodi watu wachache. » Ni neno la kweli na sitalificha. Kwa feza zile zile, fasi ya watu ishirini tutachukua labda kumi na wawili, na wanane watarudi nyumbani na uchungu. Ninapendekeza tuzungushe kwa zamu iliyoandikwa, ili kila jamaa ipate siku zake, na mujane asipitwe na ndugu ya kapita. Hapo sherti tukae macho: tukizungusha, siku zile 22 hazitafika kwa mutu, na tutafanana na kapita. Kwa kazi ya ulinzi, ambayo ni ya kila siku, hakuna zamu: tuwaandike walinzi wetu kwa kontra ya kweli na tuwapeleke CNSS. Zamu ibaki kwa kazi za kupita, kama kushusha mbegu. Itakuwa ngumu. Lakini heri watu kumi na wawili wapeleke unga nyumbani kuliko watu ishirini wapeleke maumivu ya mugongo.

Wenye boti nao watakuja kutuambia tunaharibu bei. Tutawapokea vizuri, tutawapa kiti na maji, na tutawaonyesha daftari. Si vita. Wengi wao nao walikuwa Kala pamoja nasi, tulipanga mustari mumoja juu ya unga wa HCR. Wanajua njaa ni nini.

Bwana mukubwa wa mukutano, nimemaliza. Naomba mapendekezo yasomwe tena moja moja, kwa sauti, na wamama waseme kwanza, juu ndio waliobeba muchanga. Kisha tunyoshe mikono.